Shajara ya mradi: kupitisha poti ndani ya handaki la SSH

Ingizo 1. Kilichopo na kinachotakiwa

SSH ni njia ya kuingia mashine ya mbali kwa mawasiliano yaliyosimbwa; handaki lake hupitisha ndani yake mawasiliano ya huduma nyingine, na poti ni namba inayotambulisha huduma kwenye mashine. Mashine ni nne. Kompyuta ya msimamizi huhama naye, leo iko kwenye mtandao huu, kesho kwenye mwingine. Seva tuliyoiita `lango` ndiyo pekee yenye anwani ya umma, 203.0.113.10, kwa upande wa ndani ni 10.0.0.10. Nyuma yake iko `data`, 10.0.0.20, yenye hifadhidata ya PostgreSQL kwenye poti 5432. Ya nne ni kifaa kilichoko tawini, nyuma ya ruta isiyo na anwani ya umma, na ukurasa wake wa mipangilio unapatikana kwenye poti 8080. Anwani zote humu ni za mfano.

Kinachotakiwa: msimamizi aifikie hifadhidata na ukurasa wa kifaa bila faiawali (ukuta wa kuzuia miunganisho) ya `lango` kufunguliwa zaidi ya poti 22 ya SSH, na mtandao ukikatika kila kitu kijirudishe chenyewe.

Jambo la kushika kabla ya amri yoyote: kila anwani iliyo ndani ya amri ya SSH ina mashine yake inayoisoma. Ukiandika `127.0.0.1`, anwani ambayo kila mashine hujiita yenyewe, mara mbili katika mstari mmoja, ya kwanza yaweza kuwa kompyuta yako na ya pili ikawa seva ya mbali. Makosa mengi yaliyoandikwa hapa chini yanatokana na anwani iliyosomwa na mashine ambayo mwandishi wa amri hakuikusudia.

Ingizo 2. Handaki la kwenda: hifadhidata

```
ssh -N -L 127.0.0.1:5433:10.0.0.20:5432 msimamizi@203.0.113.10
```

`127.0.0.1:5433` inasomwa na kompyuta ya msimamizi. Hapo ndipo SSH inasikiliza. `10.0.0.20:5432` inasomwa na `lango`, kwa hiyo kompyuta ya msimamizi haihitaji kuujua kabisa mtandao wa ndani. `-N` inaizuia SSH isiombe shell (dirisha la kuandikia amri) wala amri yoyote. Poti 5433 imechaguliwa kwa sababu wengi wana PostgreSQL yao inayokalia 5432 tayari, na ukigongana nayo unapata `bind [127.0.0.1]:5432: Address already in use`. Poti zilizo chini ya 1024 ziache, maana kwenye Linux kwa kawaida zinadai mamlaka ya root, mtumiaji mkuu.

Kisha, kwa `psql`, programu ya kuulizia PostgreSQL (`msomaji` ni mtumiaji, `ripoti` ni hifadhidata):

```
psql -h 127.0.0.1 -p 5433 -U msomaji ripoti
```

Usiache `-h`. Bila hiyo psql inatumia soketi ya Unix (njia ya ndani, isiyopita mtandaoni) ya mashine uliyopo na hailigusi handaki. Wenye MySQL wana mtego mbaya zaidi: `-h localhost` nayo huenda kwenye soketi, na poti uliyoitaja inapuuzwa. Andika `127.0.0.1` kwa tarakimu.

Upande wa PostgreSQL, muunganisho unaonekana umetoka 10.0.0.10, yaani `lango`, wala si kwa msimamizi. Mstari wa `pg_hba.conf`, faili ya PostgreSQL inayosema nani anaruhusiwa kuingia, uwe hivi:

```
host  ripoti  msomaji  10.0.0.10/32  scram-sha-256
```

Ukishauandika, `SELECT pg_reload_conf();` inatosha. Lakini ikiwa `listen_addresses` bado ni `localhost` kama ilivyo PostgreSQL inapowekwa, hakuna kinachosikiliza kwenye 10.0.0.20, na kubadilisha hicho kunataka kuiwasha upya huduma yenyewe.

Kuna tabia moja inayowapotosha watu. Poti 5433 inafunguka mara tu SSH inapoingia, hata kama PostgreSQL imezimwa. SSH haijaribu kufika 10.0.0.20 mpaka mtu agonge 5433. Hapo psql inalalamika `server closed the connection unexpectedly`, na sababu halisi inatokea kwenye dirisha la SSH:

```
channel 2: open failed: connect failed: Connection refused
```

Ukiirusha SSH nyuma kwa `-f`, ujumbe huo ni rahisi kupotea. Ongeza `-E handaki.log` ili uandikwe kwenye faili.

Ingizo 3. Usimbaji unaishia wapi

Handaki la ingizo la 2 linasimba data kutoka kwa msimamizi hadi `lango` tu. Kati ya `lango` na `data` yanapita mawasiliano ya kawaida ya PostgreSQL, na kama TLS (usimbaji wa PostgreSQL yenyewe) haijawashwa, mwenye kusikiliza mtandao wa ndani anayasoma. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni kuruka hadi `data` yenyewe:

```
ssh -N -J msimamizi@203.0.113.10 -L 127.0.0.1:5433:127.0.0.1:5432 msimamizi@10.0.0.20
```

`-J` ilikuja na OpenSSH 7.3 mwaka 2016. Hapa `127.0.0.1` ya pili inasomwa na `data`, PostgreSQL inaweza kubaki inasikiliza ndani ya mashine yake tu, na `lango` linapitisha kilichosimbwa bila kuona ndani. Gharama yake ni akaunti ya SSH kwenye `data` kwa kila anayehitaji.

Ya pili ni kulibakiza handaki la ingizo la 2 kama lilivyo na kuwasha TLS ya PostgreSQL. Ukitumia `sslmode=verify-full`, jina la cheti halitalingana na `127.0.0.1`, lakini libpq, maktaba inayotumiwa na psql, inakuruhusu kutenganisha jina na anwani:

```
psql "host=data.ndani.example hostaddr=127.0.0.1 port=5433 sslmode=verify-full user=msomaji dbname=ripoti"
```

`hostaddr` inaonyesha pa kwenda, `host` inatumika kukagua cheti. Mradi umechukua njia hii ya pili, kwa sababu akaunti zinabaki mahali pamoja, kwenye `lango`. Mstari wa `pg_hba.conf` ukabadilishwa kutoka `host` kuwa `hostssl` ili asiye na TLS akataliwe.

Ingizo 4. Handaki la kurudi: kifaa cha tawini

Kifaa hakifikiki kutoka nje, basi chenyewe ndicho kinachopiga simu:

```
ssh -N -R 18080:127.0.0.1:8080 tawi@203.0.113.10
```

Hapa usomaji unageuka. 18080 inafunguliwa kwenye `lango`, `127.0.0.1:8080` inasomwa na kifaa. Kwenye `lango`, hakikisha:

```
ss -tln | grep 18080
```

Inapaswa kuonekana `127.0.0.1:18080`, mara nyingi pamoja na `[::1]:18080`. Hivyo ndivyo tunavyotaka, maana hakuna mtu wa nje anayeweza kuigonga.

Wengi hufika hapa wakitaka poti hiyo ionekane duniani, wakaandika `-R 0.0.0.0:18080:127.0.0.1:8080`, na haifanyi kazi. Thamani ya kawaida ya `GatewayPorts`, mpangilio wa seva ya SSH unaoamua poti za `-R` zifunguliwe kwenye anwani gani, ni `no`, na seva inafunga poti kwenye anwani ya ndani bila kumwonya mteja: handaki linasimama na nje hakuna kitu. `GatewayPorts clientspecified` ingemruhusu mteja achague anwani. `Yes` ingefungua kwa kila mtu hata kwa asiyeomba. Ukurasa wa mipangilio wa kifaa kidogo hauna ulinzi wa kusimama uchi kwenye intaneti, kwa hiyo zote mbili zimekataliwa. Msimamizi anaingia kwa handaki lake mwenyewe:

```
ssh -N -L 127.0.0.1:8081:127.0.0.1:18080 msimamizi@203.0.113.10
```

na kufungua `http://127.0.0.1:8081` kwenye kivinjari. Ni mahandaki mawili yanayokutana ndani ya `lango`.

Tatizo la kutarajia: ukurasa wa kwanza unafunguka, ukibonyeza kuingia kivinjari kinarukia `http://192.168.1.50:8080/login` na kukwama. Handaki halina kosa. Programu ya kifaa inatunga viungo vyake kwa anwani inayoijua yenyewe, na kivinjari kinatoka nje ya handaki kuifuata. Tafuta kwenye mipangilio ya kifaa sehemu ya anwani ya msingi ya ukurasa. Isipokuwepo, dawa ni proksi (mpatanishi kati ya kivinjari na kifaa) inayoandika upya viungo. SSH inabeba baiti tu na haigusi kilichomo.

Mtego mwingine ni wa `localhost`. Kwenye mashine nyingi jina hilo linatafsiriwa kwanza kuwa `::1`, na huduma inayosikiliza IPv4 peke yake inaweza kujibu `Connection refused` ilhali iko hai. Kwa upande wa kufikia huduma tumeandika `127.0.0.1` kila mahali.

Ingizo 5. Kubana

Ingizo hili ni refu kwa sababu ufunguo wa kifaa hauna nenosiri. Kifaa kinawaka chenyewe usiku na hakuna wa kuliandika. Atakayekiiba kifaa ameiba ufunguo, kwa hiyo swali ni ufunguo huo unafungua nini.

Kwenye kifaa:

```
ssh-keygen -t ed25519 -N "" -f /home/handaki/.ssh/id_tawi -C tawi-01
```

Kwenye `lango`, faili ya `authorized_keys` (orodha ya funguo zinazokubaliwa) ya mtumiaji `tawi`:

```
restrict,port-forwarding,permitlisten="localhost:18080" ssh-ed25519 AAAA... tawi-01
```

`restrict` inazima kila kitu: terminali, kupitisha ajenti (programu inayoshika funguo), X11 (madirisha ya picha), kupitisha poti. `port-forwarding` inarudisha hicho kimoja. `permitlisten`, iliyokuja na OpenSSH 7.8 mwaka 2018, inataja poti pekee inayoweza kufunguliwa.

Mstari huo peke yake hautoshi. `port-forwarding` inarudisha pande zote mbili, na `permitlisten` inabana upande wa `-R` tu. Mwenye ufunguo huu bado angeweza kuandika `-L 5433:10.0.0.20:5432` na kuifikia hifadhidata. Ndiyo maana mlango wa pili unafungwa kwenye `sshd_config`, faili ya mipangilio ya sshd, programu ya SSH ya upande wa seva:

```
Match User tawi
    AllowTcpForwarding remote
    PermitListen localhost:18080
    PermitTTY no
    ForceCommand /usr/sbin/nologin
    ClientAliveInterval 30
    ClientAliveCountMax 3

Match User msimamizi
    AllowTcpForwarding local
    PermitOpen 10.0.0.20:5432 127.0.0.1:18080
    PermitTTY no
    ForceCommand /usr/sbin/nologin
```

`remote` na `local` zinatazamwa kutoka kwa mteja: `remote` ni `-R`, `local` ni `-L`. `ForceCommand` haiathiri handaki kwa sababu `-N` haiombi amri yoyote. Anayeacha `-N` ndiye atakayetolewa mara moja. Na kuzima kupitisha poti kwa mtu ambaye umemwachia shell hakuna maana, maana anaweza kuendesha kipitishaji chake mwenyewe. Kwenye akaunti hizi mbili shell haipo.

Tazama kwa makini maandishi ya `PermitOpen` (mahali `-L` inaruhusiwa kufika) na `PermitListen` (mahali `-R` inaruhusiwa kusikiliza). sshd hailinganishi mashine, inalinganisha maandishi. Ukiruhusu `127.0.0.1:18080` na msimamizi akaandika `-L 8081:localhost:18080`, anapata:

```
channel 2: open failed: administratively prohibited: open failed
```

ingawa ni mahali pale pale. Kwa `PermitListen` mambo yanageuka: mteja asipotaja anwani ya kusikiliza, SSH inatuma neno `localhost`, nalo halihesabiwi kuwa sawa na `127.0.0.1`. Ndiyo sababu mstari wa juu una `localhost` na wa chini una tarakimu. Si uzembe wa mwandishi; mtu asije akavilinganisha kwa nia njema.

Kabla ya kupakia upya, `sshd -t` inakagua tahajia, na amri hii inaonyesha kitakachomhusu mtumiaji husika:

```
sshd -T -C user=tawi,host=x,addr=198.51.100.7 | grep -Ei 'forward|permit'
```

Kisha `systemctl reload sshd` (kwenye Debian na Ubuntu huduma inaitwa `ssh`). Acha kikao kimoja cha root wazi mpaka uhakikishe kingine kinaingia.

Ingizo 6. Handaki lililokufa macho yakiwa wazi

Ruta nyingi husahau muunganisho uliokaa kimya. Kifaa kinaamini kimeunganishwa, `lango` linaamini hivyo hivyo, na hakuna kinachopita. `TCPKeepAlive` imewashwa tangu mwanzo lakini Linux husubiri sekunde 7200 kabla ya kutuma ishara ya kwanza, na ruta hufuta muda mrefu kabla ya hapo. `ServerAliveInterval`, inayotuma ishara ndani ya SSH yenyewe, huanza ikiwa 0, yaani imezimwa. Tumeiweka 30, na `ServerAliveCountMax` 3: baada ya takriban sekunde 90 za ukimya mteja anakata tamaa na kufunga.

Upande mmoja hautoshi. Kifaa kikirudi haraka kabla `lango` halijagundua kuwa kikao cha zamani kimekufa, mchakato wa zamani wa sshd bado umeshika 18080. Kikao kipya kinaingia vizuri, poti inakataliwa, na SSH inatoa onyo moja:

```
Warning: remote port forwarding failed for listen port 18080
```

kisha inabaki imeunganishwa bila handaki. systemd, inayoendesha huduma za Linux, itakuonyesha `active (running)` kwa wiki nzima. Dawa ni mbili kwa pamoja: `ClientAliveInterval` kwenye seva (ipo ingizo la 5) ili mfu aondolewe, na `ExitOnForwardFailure=yes` kwa mteja ili akikosa poti atoke na kujaribu tena.

Faili ya huduma kwenye kifaa:

```
[Unit]
Description=Handaki la kurudi kwenye lango
Wants=network-online.target
After=network-online.target
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
User=handaki
ExecStart=/usr/bin/ssh -NT -o BatchMode=yes -o ExitOnForwardFailure=yes -o ServerAliveInterval=30 -o ServerAliveCountMax=3 -i /home/handaki/.ssh/id_tawi -R 18080:127.0.0.1:8080 tawi@203.0.113.10
Restart=always
RestartSec=15

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Usiweke `-f`, mchakato mama unatoka na systemd inadhani kazi imekwisha. `RestartSec` nayo usiiache tupu: bila hiyo systemd inarudia baada ya milisekunde 100, inafikisha kikomo chake cha majaribio na kuacha kabisa. `StartLimitIntervalSec=0` inaondoa kikomo hicho. Autossh, programu ya kuiwasha upya SSH inapokatika, bado ipo na inafanya kazi, lakini penye systemd hatukuona inaongeza nini.

`BatchMode=yes` inamaanisha SSH haitauliza swali lolote, pamoja na lile la kukubali ufunguo wa seva mpya; itasema `Host key verification failed.` na kutoka. Ufunguo wa `lango` uwe ndani ya `known_hosts` (faili ya funguo za seva zinazoaminika) ya mtumiaji `handaki`, si ya root, kabla huduma haijawashwa. `ssh-keyscan` inauleta tu, haithibitishi ni wa nani. Linganisha alama yake fupi (fingerprint) na ile inayosomwa kwenye `lango` lenyewe:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

`ExitOnForwardFailure` ina mpaka wake: inakagua kama poti ya kusikiliza imefunguka, haijui kama ukurasa wa kifaa uko hai. Kwa hiyo ukaguzi halisi unafanyika kwenye `lango`, kwa cron (kiratibu cha kazi za kujirudia), kila dakika 5:

```
curl -sf -m 10 -o /dev/null http://127.0.0.1:18080/ || logger "tawi-01 halijibu"
```

Ingizo 7. Kompyuta ya msimamizi

Amri ndefu zimehamia `~/.ssh/config`:

```
Host lango-handaki
    HostName 203.0.113.10
    User msimamizi
    IdentityFile ~/.ssh/id_msimamizi
    IdentitiesOnly yes
    LocalForward 127.0.0.1:5433 10.0.0.20:5432
    LocalForward 127.0.0.1:8081 127.0.0.1:18080
    ExitOnForwardFailure yes
    ServerAliveInterval 30
```

Ndani ya faili hii sehemu mbili za `LocalForward` zinatenganishwa kwa nafasi, si nukta pacha kama kwenye amri. Jina hili litumike kwa handaki pekee. Ukilitumia pia kwa vikao vya kawaida, cha pili kitakuta poti zimeshikwa na kutoka. `IdentitiesOnly` ni kwa wenye funguo nyingi kwenye ajenti: SSH inazijaribu moja baada ya nyingine, na seva inafunga kwa `Too many authentication failures` kabla ufunguo sahihi haujafikiwa.

Kufungua na kufunga bila kuwinda namba ya mchakato:

```
ssh -M -S ~/.ssh/handaki.sock -fN lango-handaki
ssh -S ~/.ssh/handaki.sock -O check lango-handaki
ssh -S ~/.ssh/handaki.sock -O exit lango-handaki
```

Proksi ya SOCKS kwa `-D`, inayomwachia mteja ataje anwani yoyote ya kufikia, iliombwa na haikuingizwa. `PermitOpen` inaibana nayo vile vile, ingefika sehemu zile zile mbili, kwa hiyo haina faida.

Ingizo 8. Kasi

SSH haifungi paketi za TCP ndani ya TCP. Inachukua baiti na kuzituma upya, kwa hiyo ule mkwamo wa TCP juu ya TCP unaosumbua baadhi ya VPN haupo. UDP haipiti kabisa kwa `-L` wala `-R`. Dirisha (kiasi cha data kinachotumwa kabla ya kusubiri jibu) la kila chaneli (muunganisho mmoja ndani ya handaki) kwenye OpenSSH ni MB 2, na kwenye njia ya milisekunde 200 kwenda na kurudi chaneli moja haitazidi takriban MB 10 kwa sekunde, hata laini iwe pana kiasi gani.

Kinachoonekana zaidi kazini ni kwamba chaneli zote zinagawana muunganisho mmoja. `pg_dump` (nakala ya hifadhidata) kubwa ikipita, ukurasa wa kifaa kwenye handaki hilo hilo unakuwa mzito. Nakala rudufu zinapita kwa SSH yake peke yake, kwenye poti 5434, na `-S none` ili isijiunge na kikao kilichopo, na `ClearAllForwardings` isiongezwe hapo kwa sababu inafuta hata `-L` ya kwenye amri:

```
ssh -S none -N -C -i ~/.ssh/id_msimamizi -L 127.0.0.1:5434:10.0.0.20:5432 msimamizi@203.0.113.10
```

`-C`, inayobana data, inafaa kwa maandishi ya SQL kwenye laini nyembamba. Kama `pg_dump` inatumia `-Fc`, data imeshabanwa tayari na `-C` inachosha prosesa bure.

Yaliyobaki

Kifaa cha pili kitapewa poti 18081, ufunguo wake na mtumiaji wake, `tawi02`. Kushiriki mtumiaji mmoja kungelazimu `PermitListen` itaje poti zote, na kutenganisha funguo kwa kutegemea `authorized_keys` peke yake. Kifaa cha kwanza kikihamia HTTPS, jina la cheti litawekwa kwenye `/etc/hosts` ya msimamizi likielekea 127.0.0.1, na majaribio yatafanywa kwa `curl --resolve`, bila `-k` inayoruka ukaguzi wa cheti.